Hati ya Wito

Afisa elimu ameshika kipaza sauti,
ukumbi umejaa, mapangaboi yanazunguka bure.
"Walimu wa Tanga," anasema, "kazi hii ni wito."
Nyuma yangu mtu anacheka puani:
na malimbikizo yetu nayo yaitwe, huenda yakaitika.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemkumbuka baba.

Aidano Semboja, tarishi wa mahakama.
Kwetu wito haukuwa neno la mimbarini.
Ulikuwa karatasi, nakala mbili, muhuri wa zambarau,
umekunjwa mara tatu, umebanwa kwa mpira
kwenye keria ya Swala yenye kengele mbovu.
Aliupeleka Mabawa, Msambweni, Ngamiani mpaka barabara za mwisho,
Pongwe siku za mvua, gurudumu likila tope.
Wakimwona wanaingia uani.
Mtoto ametumwa mlangoni aseme, "Baba kasafiri,"
na baba mwenyewe anakohoa chooni.

"Mwaliko una pilau," alikuwa akisema akivua viatu.
"Wito una kalamu. Tia sahihi hapa."

Nikamuuliza neno lilikotoka.
"Ni *ita* tu," akasema, "limevishwa *u*,
*u* ya utoto, ya uzee, ya ubishi wako huo.
*U* na *i* zikagongana mlangoni,
*u* ikajibana ikawa *w*, zikapita zote mbili."
Bibi, Mbondei wa Mkuzi, akadakia kutoka jikoni:
"Sisi twasema *kwitanga*."
Nami nikausikia mji wangu mzima
umejificha mkiani mwa neno.
Sasa najua masikio yalinidanganya.
Nilikuwa na miaka tisa, sikudai ushahidi.

Kisha ile Jumanne.
Katika fungu la asubuhi, hati ya saba, jina lake.
Deni la mabati kumi na mawili, duka la Barabara ya Nne.
Tarishi mwingine hakuwapo.
Angeweza kuiweka chini ya fungu,
angeweza kuandika *hakupatikana*,
maneno aliyoyaandikia nusu ya mji.

Alikuja saa sita, jua la utosi.
Akaegemeza baiskeli ukutani, akafuta jasho,
akagonga mlango wake mwenyewe.
"Hodi."
"Umeingiwa na nini?" mama akauliza. "Si kwako hapa?"
"Hodi. Aidano Semboja yupo?"
Mama akanyamaza, mwiko mkononi.
Baba akavuka kizingiti, akageuka, akautazama uwazi
aliokuwa amesimama sasa hivi,
akasema, "Naam."

Akasaini kama mpelekaji. Akasaini kama mpokeaji.
Wali hakuugusa. Saa nane nakala ilikuwa imerudi masijala.

Tulicheka miaka mingi, hata yeye.
Mabati tuliyalipa kidogo kidogo,
na mvua ikinyesha mama husema, "Sikilizeni deni."

Afisa bado anahutubia. Ninahesabu kwa vidole,
kama ninavyowahesabisha darasa la tatu:
i-ta, silabi mbili.
i-ti-ka, silabi tatu.
Anayeita hutumia pumzi kidogo, akaenda zake na gari.
Anayeitika ndiye anayebaki kulimalizia neno,
analibeba mpaka kwenye dawati lenye mguu mmoja mfupi,
mpaka kwa watoto themanini na wanne.

Kesho yake ninafungua daftari la mahudhurio.
"Mwanahamisi Shekalaghe."
"Abee, mwalimu."
"Sempombe Yusto."
Kimya. Sempombe yumo, amelala juu ya mkono,
alfajiri alikuwa akipakia machungwa na kaka yake.
Ninarudia, taratibu. Ananyanyua kichwa.
"Naam," anasema, kabla hajajua yuko wapi.

Kuna mgeni dawati la mbele, kahamia jana kutoka Pangani,
bado anatafuta maneno yake.
"Na wewe, mwalimu, unaitwa na nani?"
Darasa linaangua kicheko. *Na* imezidi.
"Unaitwa nani," wanamsahihisha kwa pamoja.

Ninalijibu lile walilolisahihisha.
Agripina, ninaandika ubaoni.
Lake nimeliacha wazi. Chaki inavunjika,
ninainama kuokota kipande.